Mwalimu wa Kwaya na Kamba ya Mgomba

Kwaya yetu haikuwa na kinanda. Tulikuwa na mashine ya kusaga. Ilikuwa nyuma tu ya kanisa, pale Kibondo, na mwalimu wa kwaya alikuwa ameshaipima kwa sikio lake akaridhika kwamba ikijaa mahindi na mkanda ukakaza, inatoa noti ya fa. Basi tulianzia hapo. Akiinua mkono wa kulia wote tunanyamaza, tunaisikiliza mashine, kila sauti inatafuta mahali pake, kisha mkono unashuka nasi tunaingia. Kwaya za Kasulu zikija kututembelea zilikuwa zinatucheka, kwaya gani hii inasubiri unga. Tukishaanza kuimba hawakucheka tena.

Mimi nilikuwa sauti ya pili, mstari wa nyuma. Nyuma niliwekwa kwa sababu ya mdomo wangu, maana nilikuwa siwezi kukaa nusu saa bila kumnong'oneza mtu. Ila nyuma ndiko unakoona mikono vizuri, na huyu mtu alikuwa mikono. Usoni hakuwa na lolote la kukumbukwa. Mkono wa kushoto ulihesabu, kazi ya karani tu. Wa kulia ndio uliotuimbisha. Akitaka tushike sauti, tusiiachie, alitanua vidole vyote vitano na kuviacha hewani, na Mungu ananiona, watu walikuwa tayari kuzirai lakini hakuna aliyevuta pumzi mpaka avikunje. Aliyevuta alijulikana. Mazoezi yakiisha aliitwa pembeni, akarudi na macho mekundu.

Alikuwa mkali, nisimpambe. Hakuwa na sauti ya kupayuka, yeye alikuwa anasema taratibu, neno linakuingia kama mwiba wa mchongoma. Msibani hata maiti haijatoka ndani, aliniinamia akasema mama yule analia juu mno, atakauka koo kabla ya mazishi. Nikacheka msibani, nikasemwa na ukoo mzima, yeye ametulia zake kama si yeye. Sokoni alikuwa hanunui sufuria mpaka aigonge na kuisikiliza, na wenye maduka walimvumilia kwa sababu alikuwa anawaambia ipi ina ufa usioonekana.

Kitu kimoja hakukipenda kabisa, nacho ni habari za miujiza. Mhubiri mmoja alipita Nyabibuye, watu wakafurika, viwete wanatembea, mapepo yanapiga kelele. Mwalimu alikwenda kutazama, akarudi jioni ile ile. Tukamuuliza vipi. Akasema spika ya kushoto ilikuwa imechanika. Siku nyingine alimkuta msichana wa sauti ya kwanza na kauzi keusi kifundoni mwa mkono, kazindiko ka bibi yake, akamwambia achague, uzi au kwaya. Msemo wake ulikuwa mmoja na tuliuiga akigeuka: "Sauti haina maajabu. Ina mapafu, ina koo, ina masikio."

Na bado mtu huyu wa akili zote hizo alikuwa anaogopa udongo. Nasema kweli. Huku kwetu hata mhasibu ana shamba, hata padri anashika jembe, lakini yeye akilima alivaa soksi mikononi. Soksi! Chembe ikimwingia chini ya kucha analiacha tuta, anakwenda kunawa. Shamba lote lilikuwa la mkewe, Mama Furaha, mwanamke mwembamba aliyekuja mdogo na wazazi wake kutoka ng'ambo ya mpaka, mchapakazi, mpole, anayezungumza kama anaomba radhi. Mama Furaha alikuwa anasema amezaa mtoto mmoja tu, Furaha, na ameolewa na wa pili.

Mkono wa kulia aliupoteza kwa sababu ya fa. Ilikuwa siku ya mazoezi, mashine ikaanza kuteremka, sisi tunateremka nayo. Alitusimamisha, akatoka nje amekunja uso, akaenda kumwambia kijana wa mashine kwamba mkanda umelegea. Kijana akasema haujalegea. Mwalimu akanyoosha mkono kumwonyesha. Joho la kwaya lina mikono mipana, na mkanda uliudaka upindo wa joho, ukavuta na kilichokuwemo. Sisi ndani tulichosikia ni mashine kunyamaza.

Hospitali waliukata juu ya kiwiko. Huku kwetu kiungo cha mtu hakitupwi, ndugu wanakabidhiwa wakakistiri wenyewe. Mama Furaha alikabidhiwa mkono wa mumewe ukiwa umefungwa kwenye shuka, akarudi nao nyumbani, akauzika peke yake kwenye migomba nyuma ya nyumba. Mume alikuwa hana fahamu. Alipozinduka aliambiwa umezikwa, akasema vyema, hakuuliza wapi wala vipi.

Lakini mkono wenyewe haukukubali kuondoka. Alikuwa anausikia. Wauguzi walimwambia ni kawaida, wengi waliokatwa husikia kiungo ambacho hakipo, ni ubongo tu haujapata habari. Maelezo hayo aliyapenda, yalikuwa ya aina yake. Kilichomtesa ni kwamba mkono huo usiokuwepo ulikuwa umekunjwa ngumi, umekazwa, kucha zinaingia kiganjani, na hawezi kuukunjua. Nilikuwa namkuta kwenye benchi la barazani ametoa macho, jasho linamtoka, anajaribu kufungua ngumi ambayo haipo. Kwaya ikaimbishwa na kijana mwingine, mzuri tu, asiye na lolote.

Kisha wakaja madaktari wa hospitali moja kubwa, ya mbali sana na kwetu, wanatafuta watu waliokatwa mikono wajaribiwe mkono mpya. Huo si ule wa plastiki wa kuvaa kwenda harusini. Wanakupasua kwapani, wanaunganisha nyaya nyembamba kama uzi wa nailoni na mishipa yako ya fahamu. Ukiwaza kufunga, wazo linashuka kwenye mshipa, nyaya zinalisikia, mkono wa bandia unafunga. Tena vidole vyake vina ngozi inayohisi, ukigusa kitu habari inarudi kwa nyaya hizo hizo mpaka kichwani, unasikia umegusa. Mwalimu alichaguliwa. Mama Furaha gari la mbali linamtapisha hadi anazimia, na Furaha alikuwa shuleni bweni. Mimi nilikuwa nimeshahamia Kasulu nauza vitenge, mtu wa kusafiri, basi nikaombwa nimsindikize.

Nyaya zikawekwa, kidonda kikapona, mazoezi yakaanza. Alikaa mezani, mkono wa bandia umefungwa begani kwa mikanda, mbele yake kompyuta. Kufunga alifunga siku ya kwanza, daktari akapiga makofi. Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo, mcheshi, anamwita baba. Kufungua ndiyo ikawa kazi. Anawaza kufungua, kompyuta haioni kitu, mstari umelala tu. Kesho hivyo hivyo, na kesho kutwa. Binti akamweleza kwa heshima kwamba ubongo wake umekata tamaa na mkono ule, hautumi tena amri ya kufungua, na kama hautatuma hadi mwisho wa wiki itabidi nyaya zitolewe apewe nafasi mwingine anayengoja. Mwalimu alishuka mabega. Huyu mtu hakulia alipokatwa, lakini siku hiyo nilimwona anafuta macho kwa mkono wa kushoto.

Binti akamwuliza, baba, ukijaribu kufungua unasikia nini hasa?

"Kamba," akasema. "Nimefungwa kamba. Kila kidole kimezungushiwa. Imekauka, inachoma kama kamba ya mgomba."

Daktari akaandika. Mimi nikaona kichekesho cha kumpelekea Mama Furaha. Nikasimama mlangoni, nikapiga simu, nikamwambia mama, mumeo anawachosha watu huku, huyu mwenye akili wetu, ati vidole vyake vimefungwa kamba ya mgomba. Nilitegemea atacheka. Akanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Nani amemwambia?" akauliza.

Akanieleza, polepole, kwa sauti yake ile ya kuomba radhi. Alipoufungua mkono kutoka kwenye shuka alikuta vidole vimetanuka vyote vitano, vile vile anavyotanua mwalimu akitaka tushike sauti. Hakuweza kuuzika mkono unaoimbisha. Akavikunja, akavifunga kidole kwa kidole kwa kamba ya mgomba, kama bibi zake walivyomfundisha kufunga mikono ya marehemu, ili akae vizuri akikakamaa. Upande wao kamba hiyo hukatwa kaburini, kabla ya udongo wa kwanza, marehemu aende akiwa huru. Siku ile yuko peke yake, analia, mvua imefunga, akamwaga udongo akasahau kukata. Alipokumbuka aliona aibu kufukua. Na hakuthubutu kumwambia mumewe, angemcheka.

"Nachukua jembe," akasema. "Usikate simu, mwanangu, mwana wanje. Naogopa."

Simu akaitia kwenye kitenge kifuani. Nikawa nasikia pumzi zake na jembe linavyoingia ardhini. Mle chumbani binti daktari alikuwa anasema haya baba, tujaribu tena, na ile ngumi ya bandia imelala juu ya meza. Mimi niko mlangoni, simu sikioni, nimeacha kucheka.

Jembe likanyamaza. Mama Furaha akasema ameufikia. Akasema nyama imekwisha lakini kamba ni nzima. Kisha akasema, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayejipa moyo, "Naanza na kidole kidogo."

Kidole kidogo juu ya meza kikanyanyuka.

Akasema cha pete. Cha pete kikafuata. Binti daktari alianza kucheka kwa furaha, anaita wenzake waje waone, kompyuta inapiga milio. Kati. Shahada. Gumba alichelewa nacho, nikamsikia anang'ang'ana na fundo, na kwenye meza gumba kikawa kinatetemeka, kinatetemeka, mpaka nikasikia "tayari" na mkono wote ukawa wazi, kiganja juu. Wenzake daktari walijaa chumba kizima wakampongeza mwalimu, naye akawa ananitazama mimi tu, na simu yangu.

Aliniuliza naongea na nani. Nikasema na nyumbani. Akauliza wanafanya nini. Nikasema wanalima. Akautazama ule mkono muda mrefu, kisha akatoa leso mfukoni akaanza kuufuta, kidole kimoja kimoja, na hasa pale ambapo mtu angekuwa na kucha.

Hatukumwambia kamwe. Mama Furaha aliniapisha, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikafunga mdomo. Alirudi Kibondo na mkono wake na chaja yake, akachukua tena kwaya yake, na ilikuwa furaha, nisiseme uongo. Alitanua vidole vile vya rangi ya kahawia na sisi, nami nikiwa nimekuja kutoka Kasulu, tukaishika sauti kama zamani. Watu walikuja hata kutoka Gwarama kumwona. Alipenda kusalimia kwa mkono huo, anakupa, anangoja uushike, kisha anakwambia mkono wako ni wa baridi au una jasho. Na kanisani, mbele ya watu wote, alikuwa anamshika mkewe mkono. Mwanaume wa Kibondo! Mama Furaha anaangalia chini, anaona haya, anatabasamu. Alituambia hakuwahi kujua, miaka yote, kwamba mkewe ana sugu chini ya kidole cha pete, sugu ya jembe, mpaka alipoigusa kwa mkono wa madaktari.

Ila alikuwa ananawa mno. Mkono wa bandia hauloweshwi, basi aliufuta kwa kitambaa chenye unyevu, asubuhi, mchana, akimaliza kula, akishaketi. Nikamwuliza una nini. Akasema una udongo. Nikamwambia mwalimu, huo hata vumbi hauna. Akasema anajua, ni hitilafu, nyaya zinatuma habari za uongo. Siku kwaya ilipokuja kuimba Kasulu, jua kali, tumekaa kwangu tunakunywa chai, aliudondosha mkono pajani akasema, "Nyumbani kunanyesha." Nikapiga simu. Kulikuwa kunanyesha. Nikamtazama, akakunja uso, akasema ni betri.

Mama Furaha aliugua kidogo tu na kufa, hata hatukuwa tumeanza kuogopa. Alikuwa ameomba asizikwe makaburi ya kanisa, azikwe nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikajua mwenyewe anakwenda karibu na nani. Mimi nilitoka Kasulu nikachelewa njiani, nikafika udongo umeshasawazishwa. Walizika haraka kwa sababu mvua kubwa ilikuwa inakuja. Mwalimu alisimama pembeni amelowa, mkono wa bandia ukining'inia. Hakuimbisha. Kwaya iliimba bila mtu wa mbele, na mashine ilikuwa imezimwa kwa heshima, tukaanza juu mno wote. Hakutusema.

Baada ya hapo mambo ya hospitali yakaisha. Binti daktari alipiga simu kwamba mradi umefungwa, betri mpya hazitakuja, na wote waliowekewa nyaya warudi wakatolewe, kwa sababu zikikaa mwilini bila uangalizi zinaleta usaha na usaha unaua. Mwalimu akasema atakwenda. Hakwenda. Chaja ikafa, mkono ukafa, begani akaanza kuvimba. Furaha sasa ni mtu mzima, ana kazi yake na watoto, alimbembeleza mpaka akachoka. Mwishowe akanipigia mimi, akasema dada, wewe huwa anakusikiliza, nenda kamwambie, baba anaoza akiwa hai.

Nilifika Kibondo mchana. Alikuwa barazani peke yake, kwenye lile benchi. Mkono wa bandia hakuwa ameuvaa, alikuwa ameulaza kando yake juu ya benchi, na vidole vilikuwa vimekunjika kidogo, havijafunga, havijafungua. Shati limetuna begani na niliisikia harufu kabla ya kumfikia. Homa ilikuwa inamng'arisha macho. Nikapiga goti kidogo, shikamoo mwalimu, na kwa mazoea nikanyoosha mkono kuushika ule wa benchini, kwa sababu ndivyo alivyotuzoesha.

"Usiuguse," akasema. "Huo una mtu."

Akanipa wa kushoto. Kwetu kumpa mtu kushoto ni tusi, nikaupokea.

Nilisema yote niliyotumwa. Nilisema usaha, nilisema Furaha, nilisema wajukuu. Nilimkumbusha kwamba yeye ndiye aliyemfukuza msichana wa watu kwa kauzi. Nikakasirika, nikalia, nikamwambia atakufa kwa ujinga ambao angeucheka kwa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata nilipovuta pumzi pasipostahili.

"Tangu tumzike Mama Furaha," akasema, "sijasikia udongo tena. Siku ile ile ulikwisha. Kuna mkono umeushika wangu, na una sugu chini ya kidole cha pete."

Nikamwambia ni hitilafu. Akaniambia betri imekufa, hitilafu inatokea wapi. Akaangalia bega lake, akaniangalia, na hapo nikaona kwamba anaogopa, kwamba hataki kufa, kwamba usiku maumivu yanamtoa machozi.

"Mwambie Furaha sikukataa," akasema. "Mwanzo niliona raha. Siku hizi nimeshamwomba, nimemwambia mama, niachie nikatibiwe, nitarudi. Hasikii. Anakaza. Akiniachia nitakwenda hata kesho."

Niliondoka na gari la jioni. Nikiwa njiani nikampigia Furaha, nikampa maneno ya baba yake kama yalivyo, bila kuongeza. Akanyamaza. Nilijua kunyamaza huko, mama yake aliwahi kuninyamazia hivyo hivyo kwenye simu hii hii.

"Dada," akasema, "mama nilimwosha mimi na shangazi. Tulimfunga mikono kwa kamba ya mgomba, kama kwao. Halafu mvua ikaja."